Milima ya Rangi ya Qantab: Mhadhara juu ya Miamba ya Pwani ya Maskati

Qantab ni kijiji cha wavuvi katika ghuba ndogo kusini-mashariki mwa Maskati ya kale, nchini Oman. Barabara ya kwenda huko hupanda mlima kutoka upande wa Wadi Kabir, hupita katikati ya miamba iliyokatwa ili kuipisha, kisha huteremka hadi mchangani, ambako wenye mashua huwapeleka wageni Bandar Jissah. Mvua ya Maskati kwa wastani ni kama milimita 100 tu kwa mwaka, na mara nyingine mwaka mzima hupita bila mvua ya maana. Kwa hiyo milima hii haina msitu wala udongo wa kuifunika. Kwenye miteremko ya Usambara au Kilimanjaro, mtaalamu wa miamba hulazimika kutafuta jiwe tupu katika mikondo ya mito au kwenye machimbo. Huku Qantab jiwe tupu ndilo mandhari yenyewe, na katika kuta za barabara huonekana zambarau, kijani kibichi, manjano, kijivu, nyeupe na hudhurungi iliyokolea, mara nyingine zote katika eneo ambalo mtu hulipita kwa miguu kwa dakika chache.

Rangi hizo ndizo zinazowafanya wasafiri wasimamishe magari. Hata hivyo, rangi peke yake haitaji umri wa jiwe. Hueleza zaidi habari za madini, maji na hewa. Umri na historia husomwa katika mpangilio: mwamba upi umelala juu ya upi, wapi umekatwa, wapi umekunjwa, na ni madini gani yaliyoota ndani yake ulipokuwa chini ya mgandamizo. Kwa sababu hiyo historia ya miamba hutangulia hapa, nayo rangi hufuata.

Bahari ya Permi

Qantab iko pembezoni mwa eneo ambalo wanajiolojia huliita Saih Hatat, kuba kubwa la miamba lililoinuka kusini na mashariki ya Maskati na kumomonyoka katikati hadi matumbo yake yakawa wazi. Ndani ya kuba hilo kuna miamba ya zamani sana, ikiwamo michanga iliyogeuka kuwa mwamba mgumu wa kwatsi, iliyotua katika bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Miamba hiyo ilikunjwa, ikainuliwa na kulika. Baada ya pengo la karibu miaka milioni 200, bahari ilirudi na kutandaza matabaka mapya juu yake.

Kurudi huko kulitokea katika kipindi cha Permi, miaka milioni 270 hivi iliyopita. Wakati huo Arabuni, Afrika, Bara Hindi, Antaktika na Australia zilikuwa bara moja, Gondwana. Ukingo wake wa kaskazini ulianza kupasuka, na katika ufa huo ikafunguka bahari mpya ambayo wataalamu huiita Neotethisi. Kupasuka kwa bara huambatana na volkeno, na ndiyo maana miongoni mwa matabaka ya chokaa na dolomiti ya Permi katika Saih Hatat kuna pia lava na majivu ya volkeno. Baadaye, katika kipindi cha Triasi na kuendelea, volkeno zilinyamaza. Ukingo wa Arabuni ukawa jukwaa pana la maji mafupi na ya uvuguvugu, ambako chokaa na dolomiti zilirundikana kwa unene wa mamia mengi ya mita.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulinganisha nyakati hizo na mambo anayoyafahamu. Makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni mabaki ya mimea iliyoota kwenye vinamasi vya Gondwana katika kipindi hicho hicho cha Permi. Katika Bonde la Ruhuhu, matabaka ya mwisho wa Permi yamehifadhi mifupa ya wanyama walioishi muda mrefu kabla ya dinosaria. Kwa hiyo, katika kipindi kimoja cha dunia, upande wa Ruvuma na Njombe ulikuwa na mabonde ya mito na vinamasi ndani ya bara, na upande wa Maskati ulikuwa na ufuko wa bahari changa yenye volkeno. Sehemu zote mbili zilikuwa katika bara lile lile.

Sakafu ya bahari juu ya ukingo wa bara

Mwamba mweusi na wa hudhurungi unaoizunguka Maskati ya kale na Muttrah una asili nyingine kabisa. Huo ni peridotiti, mwamba wa manto, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia. Ngome za Al Jalali na Al Mirani, zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580 kuilinda bandari ya Maskati, zimesimama juu ya mwamba huo. Ni sehemu ndogo ya ofioliti ya Samail, kipande cha ganda la bahari na manto yake kilichosukumwa juu ya nchi kavu. Ofioliti hiyo inaenea kwa kilomita 500 hivi kufuata milima ya Hajar, kutoka Falme za Kiarabu hadi mashariki ya Maskati, na ni miongoni mwa kubwa na kamili zaidi duniani.

Ganda hilo la bahari liliundwa miaka milioni 96 hadi 95 iliyopita, katika kipindi cha Kretasia. Mpangilio wake wa asili unajulikana vizuri: chini kabisa peridotiti ya manto, juu yake gabro, kisha miamba myembamba iliyosimama wima ambamo lava ilipitia, na juu kabisa lava iliyoganda ghafla ndani ya maji kwa umbo la viringe. Lava za namna hiyo za Wadi Jizzi, karibu na Sohar, zilipata umaarufu mwaka 1975 picha yake ilipowekwa kwenye jalada la jarida la Geotimes. Mpaka kati ya ganda na manto hubeba jina la Andrija Mohorovičić wa Kroatia, aliyeugundua mwaka 1909 kwa kuchunguza mawimbi ya tetemeko la ardhi. Chini ya bahari za leo mpaka huo uko kilomita kadhaa chini ya sakafu, na hakuna kisima kilichowahi kulipenya ganda lote la bahari hadi kuufikia. Katika mabonde ya Oman mtu huuvuka kwa miguu.

Swali la namna miamba ya bahari ilivyofika juu ya bara liliwashughulisha watafiti kwa muda mrefu. G. M. Lees, mwanajiolojia aliyefanya kazi Oman katika miaka ya 1920, alichapisha mwaka 1928 maelezo kwamba miamba ya Samail ilisukumwa kwa ulalo kutoka mbali na kuja kulala juu ya miamba mingine. Wapo waliopinga na kushikilia kwamba miamba hiyo ilipanda kutoka chini pale pale ilipo. Kazi kubwa ya Ken Glennie na wenzake wa kampuni ya Shell, iliyotolewa mwaka 1974, ilikusanya ushahidi wa ramani kutoka safu nzima ya Hajar na kuyapa nguvu maelezo ya kusukumwa. Ushahidi huo ulikuwa mpangilio wenyewe: kati ya ofioliti na jukwaa la chokaa kuna matabaka ya matope na mawe ya kina kirefu cha bahari, ambayo hayawezi kuwa yalitua pale yalipo leo. Kila tabaka la juu limetoka mbali zaidi kuliko la chini yake.

Kuzama na kurudi

Sakafu ya bahari haikupanda kwa nguvu zake juu ya bara lililotulia. Bamba lililobeba Arabuni lilikuwa linazama chini ya bamba la bahari lililokuwa kaskazini-mashariki yake. Sehemu ya mbele ya bamba hilo ilikuwa ganda la bahari, ambalo ni zito na huzama bila shida. Lilipokwisha, ukingo wa bara ukaanza kuvutwa chini kwa zamu yake. Chokaa, dolomiti, lava na majivu ya Permi na Triasi yaliyokuwa sakafu ya bahari ya uvuguvugu yakazamishwa ndani ya dunia. Ganda la bara ni jepesi kuliko manto, kwa hiyo halikuweza kuzama bila kikomo. Lilikwama, likakatika vipande, na vipande hivyo vikarudi juu.

Safari hiyo ya kwenda na kurudi imeandikwa katika madini. Mwamba unapogandamizwa na kupashwa moto bila kuyeyuka, madini yake hupangika upya, na miamba ya aina hiyo huitwa miamba geu. Katika eneo la Ruwi na pwani ya Qantab na Yiti, miamba ilifika kina cha wastani. Matope na majivu yakawa miamba ya majani, inayopasuka kwa bapa nyembamba zenye mng'ao, na chokaa na dolomiti zikakazwa na kukunjwa. Kadiri mtu anavyokwenda kusini-mashariki kufuata pwani, ndivyo anavyokutana na miamba iliyozamishwa kina zaidi.

Kilele cha mfululizo huo kipo As Sifah. Ufukweni hapo kuna eklojiti, mwamba mzito wenye garneti nyekundu, ambao asili yake ni mwamba wa volkeno uliogandamizwa kwa kiwango kinacholingana na kina cha kilomita 60 au zaidi, kwenye joto la nyuzi 500 za Selsiasi na kuendelea. Umri wa tukio hilo ulizua mjadala mrefu. Vipimo vya awali vya garneti kwa elementi za samari na neodimi vilitoa miaka milioni 110, yaani kabla ofioliti yenyewe haijaundwa. Vipimo vya urani na risasi katika zirikoni vilitoa kama milioni 79. Tofauti hiyo si ya hesabu tu. Jibu la kwanza lingemaanisha kwamba bara lilianza kuzama kabla ya kuwapo kwa sakafu ya bahari iliyolifunika, na la pili kwamba lilizama baada ya ofioliti kuwa tayari njiani. Vipimo vya miaka ya karibuni, vikiwamo vipya vya garneti, vimeegemea umri wa karibu na milioni 80.

Eklojiti si ngeni Afrika Mashariki. Katika ukanda wa Usagara, katikati ya Tanzania, zipo eklojiti zenye umri wa miaka bilioni 2 hivi, ambazo ni miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana duniani. Zinaonyesha kwamba kuzama kwa mabamba kulikuwa kukifanyika tangu zamani hizo. Za As Sifah ni changa mno zikilinganishwa nazo, lakini tukio lililozifanya limebaki wazi zaidi, kwa kuwa bamba lililopanda, bamba lililozama na miamba ya katikati vyote vipo mahali pamoja.

Kati ya Qantab na As Sifah, Wadi Mayh huonyesha namna mwamba mgumu unavyoweza kutiririka. Mwaka 2007 Mike Searle na Ian Alsop walichapisha maelezo ya mkunjo mkubwa wa bonde hilo, unaofuatika kwa zaidi ya kilomita 10 na kuhesabiwa miongoni mwa mikubwa zaidi ya aina yake. Matabaka yalivutwa upande mmoja kwa nguvu hata mkunjo ukarefuka na kujifunga pande zote, mfano wa mkono wa kanzu uliosukumiwa ndani. Ukuta wa bonde unapoukata kwa upana, matabaka huonekana kama duara ndani ya duara, umbo la jicho. Mkunjo wa kawaida hauwezi kutoa umbo hilo. Hutokea tu mahali ambapo mwamba umeburutwa sana ukiwa moto na mlaini kina kirefu chini ya ardhi, na ni ushahidi wa njia ambayo vipande vya bara vilipitia kurudi juu.

Bahari yarudi Bandar Jissah

Mwishoni mwa kipindi cha Kretasia msukumo ulipungua. Milima ikainuka juu ya maji, ikalika, na mito ikamwaga kokoto za ofioliti kwenye tambarare za pembeni. Katika matabaka ya kokoto na mchanga ya Al Khod, magharibi mwa Maskati, kumepatikana mifupa ya dinosaria. Kisha bahari ikapanda tena. Baina ya miaka milioni 60 na 40 iliyopita, maji ya uvuguvugu yalifunika sehemu kubwa ya Oman na kutandaza chokaa ya rangi ya maziwa na krimu iliyojaa mabaki ya viumbe wa baharini.

Chokaa hiyo ndiyo inayoonekana Bandar Jissah, mwendo mfupi kutoka Qantab kwa mashua, na ndiyo iliyotobolewa na mawimbi likapatikana tao la mwamba ambalo mashua hulizunguka. Tofauti yake na miamba ya Qantab huonekana hata kwa asiye mtaalamu. Haikupitia kina kirefu, haina bapa zinazong'aa, na imelala kwa utulivu juu ya miamba iliyopindwa. Mahali chokaa hiyo inapogusana na mwamba wa zamani pana maana kubwa: kila kilichokunjwa chini yake kilikwisha kukunjwa kabla yake. Mpaka mmoja wa aina hiyo hutoa ushahidi wa tarehe ambao rangi haiwezi kuutoa. Hata hivyo chokaa hii nayo ni ya kale ikilinganishwa na mawe ya matumbawe yaliyojengea Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Matumbawe ya pwani ya Kenya, kwa sehemu kubwa, ni ya miaka laki moja na ushei.

Baada ya chokaa hiyo kutua, ardhi iliendelea kuvutwa na kupasuka. Mipasuko ya pwani ilishusha upande wa bahari na kuuacha upande wa bara juu, na mabonde yaliyochongwa hapo yakaingiliwa na maji. Ndiyo sababu pwani kutoka Muttrah hadi Bandar Khayran imejaa ghuba ndogo zenye kuta za mawe. Ghuba hizo ziliwapa mabaharia bandari za kujikinga na upepo. Kutoka Maskati majahazi yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, na kurudi na kusi. Uhusiano huo ndio uliomwezesha Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, kutawala pande zote mbili za bahari, na ndio asili ya Kiswahili ambacho hadi leo husikika katika nyumba na masoko ya Maskati.

Rangi zinatoka wapi

Sehemu kubwa ya rangi za Qantab ni kazi ya chuma. Chuma kilichokutana na oksijeni bila maji mengi hutoa hematiti, na hematiti huupa mwamba wekundu au zambarau. Chuma hicho hicho kikiungana na maji hutoa goethiti, yenye manjano na hudhurungi ya kutu. Mahali oksijeni ilipokosekana, au mwamba wa volkeno ulipogeuka kwa joto na maji ya chini ya ardhi, chuma huingia katika kloriti na epidoti, na mwamba huwa kijani. Majivu ya volkeno moja yanaweza kuwa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili kwa sababu ya maji yaliyopita katika ufa uliopo katikati.

Weupe wa mishipa inayokata matabaka hutokana na kwatsi na kalsiti zilizoganda katika nyufa. Chokaa nyeusi hupata weusi wake kutokana na mabaki ya viumbe yaliyobaki kama kaboni. Dolomiti ikivunjwa huwa ya kijivu ndani, lakini uso wake huota ngozi ya rangi ya mchanga. Peridotiti mbichi ni kijani iliyokolea. Ikikaa juani hugeuka hudhurungi hadi nyeusi, kwa kuwa chuma chake hushika kutu na utando wa manganizi huota juu yake. Upo pia mwamba uitwao listwaniti, uliotokea mahali peridotiti ilipokutana na maji yenye dioksidi ya kaboni. Una wekundu wa kutu, na mara nyingine madoa ya kijani yanayotokana na kromi.

Kutokana na hayo, rangi moja inaweza kuvaliwa na miamba ya nyakati tofauti kabisa. Hudhurungi ya milima ya Muttrah ni ya mwamba wa miaka milioni 96, ilhali hudhurungi inayofanana nayo kwenye kilima cha jirani inaweza kuwa ngozi ya dolomiti ya miaka milioni 250. Mfano mzuri zaidi uko Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi nchini Kenya, ambako korongo lenye wekundu, waridi, chungwa na weupe huwavutia wageni kila jioni. Rangi zake nazo ni za chuma, lakini mchanga wake ni mlaini, haukuwahi kuzamishwa, na umri wake hauzidi miaka milioni chache. Marafa na Qantab zinafanana kwa rangi tu.

Miamba inayoendelea kubadilika

Peridotiti ya Oman haijatulia hadi leo. Madini yake yaliundwa katika joto la manto na hayadumu yakikutana na maji na hewa. Maji ya mvua yanayopenya ndani yake huigeuza kuwa serpentini, na katika mabadiliko hayo hutolewa gesi ya hidrojeni na chemchemi zenye alkali kali, ambazo zikifika juu hufyonza dioksidi ya kaboni hewani na kuacha utando mweupe wa kalsiti. Mwaka 2008 Peter Kelemen na Jürg Matter walikadiria kwamba ofioliti ya Oman hugeuza kwa asili tani 10,000 hadi 100,000 za dioksidi ya kaboni kuwa jiwe kila mwaka. Kati ya mwaka 2016 na 2018 mradi wa kimataifa wa uchimbaji ulitoa maelfu ya mita za sampuli za miamba hiyo. Kampuni ya Oman iitwayo 44.01, jina linalotokana na uzito wa molekuli ya dioksidi ya kaboni, inajaribu kuharakisha kazi hiyo kwa kuingiza gesi iliyoyeyushwa majini ndani ya peridotiti, na mwaka 2022 ilitunukiwa tuzo ya Earthshot.

Mpangilio wa kuitazama

Msafiri mwenye gari anaweza kuiona historia yote hii kwa siku moja akifuata utaratibu wa kutoka juu kwenda chini. Kituo cha kwanza ni Muttrah na Maskati ya kale, kwenye peridotiti. Cha pili ni barabara ya Qantab, penye miamba ya Permi na Triasi iliyozama kiasi. Hapo mambo ya kutazama ni mwelekeo wa bapa, mishipa myeupe inayokata matabaka, na mahali rangi inapobadilika bila tabaka kubadilika. Cha tatu, nje kidogo ya utaratibu huo kwa kuwa kiko karibu, ni Bandar Jissah kwa mashua, kuitazama chokaa changa iliyolala juu ya miamba ya kale. Cha nne ni Wadi Mayh kwa ajili ya mikunjo, na cha mwisho As Sifah kwa ajili ya garneti.

Mwanga wa asubuhi na wa alasiri huonyesha mikunjo kwa vivuli, tofauti na jua la mchana linaloifanya milima ionekane bapa. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la mawe huwa kali hata baada ya magharibi. Gari lisisimamishwe chini ya kuta zilizokatwa karibuni, ambazo mawe yake hulegea, wala ndani ya wadi mawingu yanapoonekana milimani. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilionyesha namna mabonde makavu ya Maskati yanavyojaa kwa muda mfupi na kubomoa barabara. Nyundo haina kazi kwenye miamba inayotazamwa na watu wengi. Vipande vilivyokwisha kuanguka chini ya ukuta vinatosha kuonyesha uso mbichi wa jiwe, na huo ndio unaopasa kutazamwa kabla ya kuamini rangi ya nje.